Mwambie Atie Sahihi

Mwanangu Riziki,

Watu huanza barua kwa kusema mimi huku mzima, hofu na mashaka ni kwako. Mimi huku ni mzima, na hofu juu yako sina. Nilicho nacho ni hasira. Si hasira juu yako, ingawa wewe ndiye utakayeisoma.

Ujumbe wako wa sauti wa jana nimeusikiliza tena na tena, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia bafuni ili mama kabira asinisikie nikisonya. Mama kabira ndilo jina tunalomwita mzee mwenye nyumba hii, na masikio yake ni mazima kuliko miguu yake. Sasa amelala. Baada ya chakula cha mchana mtaa mzima wa Nuzha, hapa Jeddah, hulala, unasikia kiyoyozi tu na ndege zinazoshuka uwanjani. Hii ndiyo saa yangu, na leo nimeamua kuandika badala ya kuzungumza, kwa sababu nikizungumza nitapiga kelele, na wewe ukisikia kelele zangu huwa unasema “sawa Mama” na kuacha kusikiliza. Nitazipiga picha kurasa hizi nikutumie kabla hujalala.

Mambo ya godoro, ndoo na sufuria bibi yako atakueleza. Yeye ndiye aliyekulea miaka hii nikiwa huku, na anajua kufunga mzigo kuliko mimi. Sitakwambia uvae nini wala ule nini. Nataka kuzungumza nawe habari ya wale watoto sita.

Kesho unaondoka Msambweni kwenda kufundisha upande wa Kinango, kazi yako ya kwanza, cheti bado kina joto. Na kabla hujafunga hata begi, mwalimu mkuu wa huko amekupigia simu akakupa kazi ya kuanzia: uende kwenye nyumba za watoto sita wa darasa la nane walio dhaifu, uwabembeleze wazazi wao wakubali watoto warudi la saba, au wakasajiliwe mtihani katika kituo kingine, ili wastani wa shule usishuke. Akakwambia, “Wewe ni mgeni, mwalimu, watakuamini.” Nawe ukaniuliza, “Mama, nikikataa si nitafukuzwa kabla sijatandika kitanda?”

Ndiyo, pengine utafukuzwa. Sitakudanganya. Wewe ni mwalimu wa bodi, huna barua ya serikali mkononi, na bodi iliyokuajiri ikikuambia nenda, utakwenda. Lakini kaa kitako unisikilize, kwa maana jambo hili mimi nimelijua kwa miaka, na sehemu yake moja sijawahi kukusimulia.

Unaukumbuka ule mwaka uliomaliza la saba. Mwalimu mkuu wetu aliniita ofisini akaagiza niletewe soda. Ningelishtuka pale pale. Shule isiyo na chaki ikikununulia soda, jiulize inataka nini.

“Mama Riziki,” akasema, “huyu mtoto ni mzuri, lakini ni slow kidogo. Tumpe mwaka mwingine pale la saba, akomae. Ni kwa faida yake.”

“Wizara imekataza kumrudisha mtoto darasa,” nikamwambia. Sikuwa msomi wa sheria. Waraka wenyewe ulikuwa umebandikwa mlangoni mwake, niliusoma nikisubiri kuitwa.

Akacheka. “Aa, nani ametaja kumrudisha? Sisi tunaongea tu kama wazazi.”

Nikanywa soda yangu, nikaenda nyumbani kifua mbele. Nilidhani nimeshinda kwa kuwa haki ilikuwa upande wangu. Januari ikafika, majina yakasomwa, na lako likasomwa la saba. Ulirudi mchana ukaketi kizingitini, ukavua viatu, ukaniuliza, “Mama, mimi ni mjinga?”

Nami nikakwambia, “Mungu amepanga, mwanangu.”

Mungu hakupanga. Mwalimu mkuu alipanga. Neno lile nililisema kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilikuwa na haya, na tangu siku ile nimetamani kulirudisha mdomoni. Hukuwa mjinga. Ulikuwa na alama ambazo zingemshushia mtu wastani wake, basi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wewe ukayachukua ukayafanya moja. Hata juzi, uliponiambia umepata kazi, ulisema, “Sijui kwa nini wamenichagua mimi.” Nilikata simu nikalia, kisha nikakasirika kwa kulia.

Kwenye mkutano wa bodi, ambako nilikuwa mjumbe wa wazazi, nilisimama nikauliza. Yule bwana akafungua mikono yake, akasema hajawahi kumwambia mzazi yeyote arudishe mtoto, na kama Mama Riziki ana karatasi, ailete. Karatasi sikuwa nayo. Amri za namna ile haziandikwi, mwanangu. Husemwa kwa upole, pamoja na soda. Watu wakanitazama kama mtu aliyeota mchana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, kukubali maneno ya mdomo. La pili lilikuwa kubwa zaidi: nilikwenda peke yangu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Saumu wa jirani naye alirudishwa. Mama Saumu! Tunagawana ukuta, tunachota maji bomba moja, na mwezi mzima hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alimficha wake kama anaficha ukoma. Mwalimu mkuu alijua tutaona haya, na haya zetu ndizo zilizomfanyia kazi.

Sasa nikukumbushe habari ya choo, maana ile tulishinda.

Kaunti zilipokuja, tuliambiwa mambo yatakuwa karibu na mwananchi. Kaunti ikachukua chekechea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Kwenye karatasi ni safi. Lakini sisi tulikuwa na uwanja mmoja, lango moja, vumbi moja. Kaunti ikawajengea chekechea choo kizuri, kimepakwa rangi, kina mlango na kufuli. Choo cha msingi kilikuwa kimedidimia tangu mvua. Mdogo wako alikuwa akienda choo kile cha rangi mpaka mwezi wa kumi na moja. Januari akaingia darasa la kwanza, akakuta kufuli. Mtoto yule yule, uwanja ule ule. Tumbo lake lilijuaje kama limehama serikali?

Nikamuuliza mwalimu mkuu. “Hicho ni cha kaunti, mimi sina ruhusa.” Nikaenda kaunti. Kijana mmoja, shati limepigwa pasi hadi linang'aa, akaniambia, “Mama, sisi ni chekechea tu. Darasa la kwanza si letu.” Nikaenda kwa afisa wa elimu wa serikali kuu. Huyo akaniambia ombi letu liko njiani. Njia gani, hakusema. Watoto wetu walikuwa wakienda vichakani, wasichana wa la saba na la nane wakibaki nyumbani siku zao, na kila ofisi niliyoingia ilikuwa imewajibika vizuri kabisa mbele ya ofisi nyingine.

Mara hii sikwenda peke yangu. Nilipita nyumba kwa nyumba. Tukawa wanne, mchana kweupe, na Mama Saumu ndiye aliyeshika jiwe. Kufuli likaruka. Mwalimu mkuu akamwita chifu, chifu akaja amevaa kofia yake.

“Nani amevunja mali ya kaunti?”

“Mimi,” tukasema wote wanne.

“Na wewe chifu,” Mama Saumu akamwambia, “si ni wa serikali kuu? Kufuli ni la kaunti. Nenda ukamlete chifu wa kaunti.”

Hata chifu alicheka, maskini. Choo hakikufungwa tena. Watu wengine mpaka leo husema tulikosa adabu, na kwamba ndiyo maana nikaondolewa kwenye bodi. Na waseme. Kosa hilo nikipewa nafasi nitalirudia, na safari hii jiwe nitashika mimi.

Mwaka ule mawakala walikuwa wakipita kila kijiji wakitafuta wanawake wa kuja huku. Nilikuja kwa sababu nilitaka usome sekondari mbali na yule bwana, na sikuwa na njia nyingine. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwa nini nilitolewa Riyadh nikaletwa Jeddah. Nilikuambia mama yake baba, bwana wa nyumba, alihitaji mtu wa kumtunza. Ni kweli alihitaji. Lakini si kweli yote.

Nyumba ya Riyadh ilikuwa Malaz, ghorofa ya tatu. Madam alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya serikali. Mimi nilipojua kazi yake nilicheka peke yangu jikoni: nimemkimbia mwalimu mkuu mmoja, nimeangukia mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa siku ya kupumzika wakati wafanyakazi wenzangu wa ngazi ile hawakuijua, na chakula tulikula kimoja. Lakini kila ilipokaribia siku ya wizara kuja kuipima shule, alikuwa mtu mwingine. Hakulala. Aliwagombeza watoto kwa kudondosha kijiko. Wakati mmoja alinichukua pamoja na dereva tukaenda shuleni kwake kuosha madirisha na kubandika maua ya karatasi ukutani. Nilisimama juu ya kiti na gundi mkononi, nikamsikia akiwapigia simu wazazi mmoja mmoja kwa sauti ya asali. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini hilo nililielewa. Aliwaomba wale wenye mabinti dhaifu wawaache nyumbani siku ya mtihani wa kupima.

Riziki, nilishikilia ukuta. Bahari yote hiyo nimeivuka, na ni soda ile ile.

Alikuwa na binti, Rima, aliyesoma shule hiyo hiyo. Mtoto mpole, anachora vizuri, lakini hesabu zilimshinda. Asubuhi ya mtihani madam akamwambia asiende. Akanigeukia: “Yalla Mwanasha, simu ya nyumba ikilia, sema Rima marida. Mgonjwa. Tamam?” Nikasema tamam, sawa. Ndiyo, nilisema. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kusema tamam kabla sijafikiri.

Rima alikaa jikoni nami, amevaa sare. Hakuivua. Alikuwa akila mkate kidogo kidogo, na akaniuliza kama mtoto wangu naye ni mzito wa hesabu. Nikamwambia ninaye mmoja waliyesema ni mzito. Akauliza, “Na ni kweli?”

Kabla sijamjibu simu ikalia. Alikuwa mushrifa, mkaguzi wa kike wa wizara, anafuatilia wasiofika. Akauliza kama binti anaumwa. Rima alikuwa ananitazama, shavu limejaa mkate.

Nikasema, “La. Mafi marid. Mzima, anakula.”

Basi. Maneno yangu yote ya ujasiri ni hayo. Mkaguzi akaagiza gari lije kumchukua Rima, akafanya mtihani wake. Jioni madam aliingia jikoni akafunga mlango. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Aliniambia halas, basi imekwisha, nimemwaibisha, na kwamba ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko kwenye droo ya baba na baba ndiye ataamua. Usiku ule nilijiona niko ofisi ya wakala, au uwanja wa ndege mikono mitupu, na karo yako ya muhula imepotea. Baba akaamua niletwe kwa mama yake, huyu mama kabira, hapa Jeddah. Nilipewa nafasi ya kufunga nguo zangu na si zaidi.

Rima alikuja mlangoni nikifunga. Akauliza, “Kwa nini ulisema?”

Nikamwambia, “Kwa sababu hukuwa mgonjwa.”

Alipata alama mbovu, nilisikia baadaye. Shule haikuanguka. Madam bado ni mwalimu mkuu, na kila Idi hunitumia salamu kupitia kwa mama mkwe wake, kwa hiyo hata yeye hasira zimekwisha. Sasa namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa siku ile. Naye alikuwa anapimwa. Juu yake kuna aliyekuwa anampima, na huyo ana wa kwake. Walitunga kanuni ili shule isimtupe mtoto, na shule zikagundua kwamba njia rahisi ya kusifiwa na kanuni ni kumtupa mtoto. Huku na kwetu, Kiarabu na Kiswahili. Kuelewa ninaelewa. Kukubali, sikubali, na wewe ukinielewa vibaya ukadhani nakuomba umhurumie mwalimu mkuu wako, soma tena kutoka juu.

Amekuchagua wewe kwa sababu uso wako ni mpya na hauna ugomvi na mtu. Wazazi wa watoto wale wakilia, watalia mbele yako. Wakija kulaumu, watakulaumu wewe. Na baada ya hapo utakuwa wake, maana mkono wako utakuwa umeingia chunguni pamoja na wake.

Nitakuambia ambavyo ningefanya mimi kama ningepewa tena ule mwaka wa soda. Jumatatu ukifika, msalimie vizuri. Usibishane, usitaje wizara, usitaje mama yako. Akikuagiza tena habari ya wale sita, mwambie, “Sawa mwalimu, naomba uniandikie hayo, utie sahihi, ili wazazi waone nimetumwa na shule.” Sema kwa adabu zote alizokufunza bibi yako. Kisha nyamaza. Utakiona kimya kitakachofuata. Mtu anayejua jambo lake ni halali huandika bila kufikiri. Huyu hataandika.

Halafu nenda kwenye nyumba hizo sita. Ndiyo, nenda, si amekutuma? Lakini usiende kwa mmoja mmoja gizani kama mtu anayekwenda kuposa kwa siri. Waite mama zao uani kwa mmoja wao, wote sita, waonane macho. Waambie mtoto ana haki ya kufanya mtihani kwenye shule aliyosomea, na kwamba hakuna awezaye kumrudisha darasa kwa nguvu. Waambie pia kwamba watoto wao si wagonjwa. Utawaona wakitazamana. Nilikosa hilo mimi, mwanangu, na ndilo ninalolijutia kuliko yote, kuliko hata ya Riyadh.

Na wale watoto, wafundishe. Hasira bila kufundisha ni kelele tu. Kaa nao baada ya shule, uwachoshe kwa hesabu mpaka wakuchukie. Huenda wakashusha wastani hata hivyo. Ushuke. Wastani haujawahi kulala njaa.

Sasa lile ulilouliza. Ukifukuzwa je? Karo ya mdogo wako naimudu kutoka huku, bibi yako ana shamba lake, na wewe una cheti ambacho hakuna awezaye kukurudisha nacho darasa la saba. Njaa haitatuua kwa hilo. Kwa hiyo usinirudie kwa basi la usiku, umejifunika mtandio, unapita nyuma ya nyumba ili majirani wasikuone. Urudi mchana. Uingie kwa mlango wa mbele, begi kichwani, uwasalimie wote barazani kwa majina.

Nimekwisha kuzungumza na bibi yako asubuhi hii. Nimemwagiza siku hiyo achinje yule jogoo mkorofi, apike pilau la nguvu, agawe sahani mpaka kwa Mama Saumu na kwa chifu. Na wakimuuliza kuna sherehe gani, awajibu waziwazi: mjukuu wangu kafukuzwa kazi, karibuni tule.

Mama yako,
Mwanasha